Kusafiri na redio ndogo kwenye treni za mbali: toka Dar mpaka Kigoma au Mbeya bila kukosa mawimbi

Wengi tukipanda treni hapa Dar tunategemea simu tu, mtu anaweka bando la wiki anajua kamaliza, halafu treni ya TAZARA ikishaiacha Mzenga inaelekea Kisaki mtandao unaanza kukatika, unarudi, unakatika, na ndani ya hifadhi ya Nyerere unaweza kukaa muda mrefu huna hata meseji moja inayoingia. Reli ya Kati nayo ni hivyohivyo, kuna vipande kati ya Kilosa na Gulwe milima imekubana kila upande, na ukishaivuka Dodoma kuelekea Tabora simu inakuwa tochi. Hapo ndo redio ndogo ya mkononi inakuwa kitu cha maana kweli, taarifa ya habari unaipata, mechi unaipata, miziki ya kila mkoa unaopita unaisikia, na haikulii bando hata la shilingi.

Ila kuna jambo watu hawalijui, wanadhani ukinunua redio ya bei mbaya basi umemaliza. Kwenye treni mahali unapokaa na saa unayosikiliza vinafanya kazi kubwa kuliko bei ya redio. Nimeona redio ya elfu ishirini inakamata vizuri dirishani huku ya laki mbili inakoroma tu kitanda cha juu.

Kwanza niseme kuhusu skana, ile redio ya kunasa mazungumzo ya redio za kazi, maana wadau wanaopenda treni wanauliza sana kama unaweza kununua skana ukamsikia dereva anaongea na stesheni. Kwa hapa kwetu usifanye. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ile EPOCA, inakataza kunasa mawasiliano yasiyo yako bila kibali, na redio yoyote inayorusha mawimbi inatakiwa leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kwa hiyo hata vile vi-Baofeng UV-5R watu wanavyouziana mitandaoni usivibebe kwenye treni, kile sio cha kusikiliza tu, kina kitufe cha kuongelea, ukikibonyeza kwa bahati mbaya kwenye masafa ya watu wa reli unaweza kuingilia mawasiliano ya treni yenye mamia ya abiria. Huo sio mchezo. Beba kitu cha kupokea matangazo tu, yaani FM, AM na masafa mafupi, hapo uko salama na hakuna mtu wa kukuuliza.

Skana ina kwao. Marekani wapenda treni wanasafiri nazo wazi kabisa, mawasiliano ya reli pale bado mengi ni ya FM ya kawaida isiyofungwa kwa siri, yako kati ya 160 na 161.6 MHz hivi. Kama una ndugu kule na unapanga kupanda Amtrak, yaani treni za abiria za kule, jua kwamba treni za Amtrak sehemu kubwa zinapita kwenye reli za makampuni ya mizigo kama BNSF, Union Pacific, CSX na Norfolk Southern, kwa hiyo frikwensi inabadilika kulingana na reli ni ya nani, unatakiwa uandae orodha ya njia nzima kabla hujaondoka. Kile kipande cha Washington mpaka New York ambacho Amtrak wenyewe ndo wenye reli kinajulikana kwa 160.920. Utamu wa kule ni mashine zilizofungwa pembeni ya reli, treni ikipita zinakagua mabehewa halafu zinaongea zenyewe hewani kwa sauti ya kompyuta, zinataja idadi ya ekseli na kama kuna gurudumu limepata moto, abiria mwenye skana anajua hali ya treni yake papo hapo. Lakini usibebe mazoea ya Marekani ukaenda nayo Uingereza, kule sheria yao ya 2006 inakataza kusikiliza mawasiliano yasiyokuhusu, na reli yao wameshahamia kwenye mfumo wa kidijitali uliofungwa ambao skana haiusomi.

Sasa turudi huku. Redio ya kununua. Ukienda Kariakoo utakuta zile za Kichina za bei rahisi zenye FM, AM na masafa mafupi, nyingine zina tochi na sehemu ya memori kadi, kwa FM zinatosha kabisa. Ukitaka kufaidi usiku tafuta ya kidijitali inayoonyesha namba kwenye skrini, kama Tecsun PL-330 au XHDATA D-808, hizi wengi wanaagiza. Mimi PL-330 naipendea kitu kimoja, inatumia betri ya BL-5C, ile ile ya Nokia za zamani, na hiyo betri utaipata kwa fundi simu yeyote, iwe Tabora, Ifakara au Kigoma mjini. Hata kama huna hela ya redio, kiswaswadu chenye FM kinafanya kazi vizuri, ila hedifoni zake lazima ziwe za waya maana ule waya ndo antena, ukiukunja mfukoni umeua mawimbi mwenyewe, uache uning'inie au uunyooshe karibu na kioo.

Redio ikiwa mpya angalia setingi za AM. Huku kwetu stesheni za AM zinapishana kwa 9 kHz, Marekani ni 10, na redio nyingine zinakuja zimesetiwa kimarekani, ukiiacha hivyo itaruka stesheni nyingi utadhani ni mbovu. Badilisha ukiwa bado nyumbani.

Tukija kwenye nafasi ya kukaa, behewa ni boksi la chuma, na mawimbi hayapiti kwenye chuma, yanaingia dirishani. Kwa hiyo ukikata tiketi omba siti ya dirishani, na kwenye chumba cha kulala, kiwe cha daraja la kwanza au cha daraja la pili, kitanda cha chini au meza ndogo ya dirishani ni bora kuliko kitanda cha juu ambako umezungukwa na bati. Vuta antena, usiisimamishe wima kama ulivyozoea nyumbani, ilaze sambamba na kioo, halafu isogeze taratibu, kiganja kimoja kushoto, kiganja kimoja kulia, huku unasikiliza ule mkwaruzo. Kuna mahali utasikia mkwaruzo unashuka ghafla na sauti ya mtangazaji inatoka mbele, hapo hapo acha, weka kitu kiishikilie, hata chupa ya maji, usiiguse tena mpaka njia ikate kona kubwa. Kama bado haikamati toka nje kwenye korido, maana vyumba viko upande mmoja wa behewa na korido upande mwingine, na mara nyingi mnara uko upande ule wa korido. Halafu kaa mbali na kichwa cha treni na behewa la jenereta, kule kuna kelele za umeme.

FM ina mwisho wake, kwa kawaida inakwenda kilomita hamsini mpaka mia hivi kutegemea mnara uko juu kiasi gani, na milima inaikata kabisa. Ukitoka Dar utakuwa na Clouds 88.5, Wasafi 88.9, EFM 93.7, halafu moja moja zinaanza kupepea, sauti inakuja inapotea. Hapo wengi wanazima redio. Wewe usizime, ondoa stereo weka mono, mkwaruzo unapungua sana na unapata dakika nyingi zaidi za kusikiliza. Zikishapotea kabisa ndo ubonyeze ile skeni ya kujitafutia yenyewe, ila ifanye treni ikiwa imesimama stesheni kubwa, sio inatembea, maana ikitembea inaokota vivuli vya stesheni vilivyobaki na kujaza memori uchafu. Morogoro skeni, utaipata Abood na Planet. Kilosa kuna redio jamii yao. Dodoma skeni tena, Saranda wewe nunua kuku tu ule, Tabora skeni utasikia VOT, yaani Voice of Tabora. Upande wa TAZARA fanya Ifakara, pale kuna Pambazuko FM, halafu Makambako, halafu Mbeya ambako kuna Bomba na Baraka. Kati ya Mlimba na Makambako usihangaike, ni mahandaki na madaraja yanafuatana, sauti itakatika kila mara, kipande kile ni cha kuangalia nje.

TBC Taifa iko karibu kila mkoa lakini kwa namba tofauti, kwa hiyo ukiipoteza Morogoro usidhani imezimwa, itafute upya mbele. Mimi naandika kwenye kadaftari, stesheni ya treni, namba ya redio, na ilisikikaje, safari inayofuata sianzi sifuri. Redio hizi za mikoani ndo zinazonifanya niipende treni, unasikia matangazo ya misiba ya watu wa pale, bei ya mpunga, mvua imenyesha wapi, mtu anamsalimia shangazi yake wa kijiji ambacho treni imekipita nusu saa iliyopita. Hicho kwenye simu hukipati.

Usiku sasa. Jua likizama lile tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi mchana linapotea, AM na masafa mafupi yanaanza kusafiri mbali, stesheni ambayo mchana husikii hata pumzi yake usiku inaingia safi. Kanuni rahisi ni hii, mchana tafuta kwenye namba kubwa, 11.6 mpaka 12.1 MHz na 15.1 mpaka 15.8, usiku shuka kwenye 9.4 mpaka 9.9, kisha 7.2 mpaka 7.45 na 5.9 mpaka 6.2. Saa ya magharibi ndo tamu kuliko zote maana namba za juu hazijafa bado na za chini zimeshaamka. ZBC ya Zanzibar miaka mingi imekuwa ikisikika 11735 kHz jioni, ianze hiyo kujipima kama redio yako iko vizuri. Ratiba za masafa mafupi zinaandikwa kwa saa za UTC, ile saa ya kimataifa, wewe jumlisha matatu, yaani 15:00 ya kwao ni saa kumi na mbili jioni yetu, muda wa matangazo ya jioni ya DW Kiswahili.

Kwa masafa mafupi antena ya redio peke yake haitoshi ndani ya behewa. Chukua waya mwembamba wa mita nne au tano, menya ncha sentimita tatu, uzungushie kwenye ncha ya antena, kisha upitishe kwenye fito ya pazia la dirisha na ubane kwa vibanio vya nguo. Ndani tu. Usiutoe nje ya dirisha hata siku moja, unaweza kunasa kwenye nguzo au treni inayopishana ukaumiza mtu. Kama kuna kelele inaunguruma sehemu zote, chomoa chaja na pawabenki kwanza, mara nyingi ndo wenyewe, halafu waombe wenzako wa chumbani nao wachomoe kidogo, ukiwaambia kuna habari unataka kuzisikia hakuna anayekataa.

SGR ni habari nyingine kabisa. Ile ni ya umeme, waya wa juu una volti 25,000, madirisha hayafunguki, na mwendo unafika kilomita 160 kwa saa. AM na masafa mafupi sahau, utasikia ngurumo tu. FM inakubali ukiwa dirishani, lakini miji inakuja haraka, redio ya Morogoro hujaizoea imeshapita, kwa hiyo seti memori zako kabla, ukurasa wa Dar, ukurasa wa Moro, ukurasa wa Dodoma, unakuwa unahama kurasa badala ya kuskeni. Na ukiwa SGR hedifoni ni lazima, behewa ni kimya na watu wanalala.

Kwenye treni za kawaida hedifoni pia ni adabu, hasa usiku, ila siku ya Simba na Yanga chomoa. Uliza tu kwanza, "wazee, samahani, niweke kwa sauti?", na utaona korido inajaa, mhudumu wa behewa anasimama mlangoni na birika lake la chai, mtu wa chumba cha tatu anauliza ngapi ngapi, na mawimbi yakianza kupotea kila mtu ana ushauri wake pa kuelekeza antena. Wewe ndo mwenye redio, antena usiiachie, wakishaanza kuipokezana inavunjika pale kwenye shina, na hiyo fundi hana spea yake.

Chaji betri zote mbili kabla ya safari, ya kwenye redio na ya akiba, usitegemee soketi za treni. Skrini izime taa, sauti usiizidishe nusu, betri moja inakupeleka mbali sana. Ukikaribia Kigoma bonyeza skeni ya mwisho, ziwa lile halina kizuizi, utaanza kusikia Kirundi, Kifaransa na Kiswahili cha Kongo vinaingia pamoja na Joy FM ya pale pale, na hizo zote ziandike kwenye daftari na namba zake, za kwenda nazo safari ya kurudi.