Nairobi hadi Mombasa kwa kiti mwendo: kupanga na kulipia safari bila kumaliza akiba

Safari ya mtu wa kiti mwendo hupangwa kuanzia chooni. Nauli, chakula na matembezi unaweza kuvirekebisha ukiwa njiani. Mlango wa bafu ulio mwembamba kuliko kiti chako ukishaukuta, umeukuta, na pesa ya chumba umeshalipa. Ndiyo maana kila nikitaka kushuka Mombasa kutoka Nairobi, natafuta chumba kwanza, tiketi ya treni baadaye. Kwetu ni Kisauni, lakini wazee wanakaa ghorofani na hakuna lifti, kwa hivyo mimi na mdogo wangu wa kike hulala gesti, mchana tunashinda nao uani.

Kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, chukua futi ya cherehani ujipime. Pima upana wa kiti kutoka pete ya kusukumia ya gurudumu moja hadi ya lile lingine, kimo cha mahali pa kukalia kutoka sakafuni, urefu kuanzia pa kuwekea miguu hadi nyuma ya gurudumu, na upana wa kiti kikikunjwa. Changu kina upana wa sentimita 63. Nikiongeza nafasi ya vidole, mlango wa sentimita 70 naupita kama naingia moja kwa moja. Nikitokea kwenye korido nyembamba na kukata kona, nahitaji 80. Hifadhi vipimo hivi kwenye simu, kwa sababu utavituma mara nyingi.

Ukiwasiliana na gesti, usiulize kama wanapokea watu wenye ulemavu. Watajibu ndiyo, tena kwa moyo mweupe, kwa sababu anayejibu anafikiria ukarimu na wewe unafikiria sentimita. Mimi huandika hivi kwenye WhatsApp:

"Habari ya mchana, dada. Naulizia chumba cha chini cha watu wawili kwa siku tatu. Natumia kiti mwendo. Naomba unipimie mlango wa bafu ukiwa wazi kabisa, nafasi ile ya kupita tu, kisha unitumie picha futi ikionekana."

Mara nyingi jibu la kwanza ni: "Karibu sana, chumba kipo chini, hakuna shida." Hapo usilegee, wala usikasirike. "Asante sana dada yangu. Nasubiri ile picha ya futi, hata ukituma jioni ni sawa." Gesti moja ya Bamburi ilinitumia picha mbili: mlango wa chumba 82, mlango wa bafu 58. Kwa picha hiyo ya pili nimeokoa pesa ya siku tatu, na nimeepuka kuogea kwenye beseni katikati ya chumba.

Kama upungufu ni mdogo, usikate tamaa upesi. Mlango wenyewe ukiwa wazi hula sentimita tatu au nne za nafasi kwa unene wake na bawaba zake. Bafu la 66 laweza kuwa la 70 mlango ukiondolewa na pazia likatundikwa. Waombe waziwazi: "Fundi wenu anaweza kuutoa mlango kabla sijafika?" Ni kazi ya bisibisi na dakika chache, na wenye gesti ndogo hukubali kwa urahisi kuliko hoteli kubwa ambako kila kitu lazima kipite kwa meneja.

Kisha omba video moja isiyokatwa, mtu akitembea kutoka getini hadi kitandani na kuingia bafuni. Itazame polepole. Angalia kizingiti cha bafu, angalia kama choo ni cha kukaa na kama kando yake pana nafasi ya kuegesha kiti. Kitanda kiwe na kimo kinachokaribiana na kiti chako. Cha juu sana kinakuchosha mabega kila usiku. Uliza kama kuna kiti cha plastiki kisicho na mikono cha kuogea. Ikiwa chumba kiko juu na kuna lifti, uliza jenereta, kwa sababu stima ikipotea utabaki huko huko ulipo.

Wakisema "ngazi ni mbili tu, vijana watakubeba," mimi huhesabu kwamba mahali hapo hapafai. Kubebwa mara moja kwa dharura naelewa. Kubebwa kila unapotaka kwenda dukani kunakufanya ushinde chumbani. Wakisema wana mteremko, uliza urefu wake. Kanuni inayotumika sana ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180, na mbili za namna hiyo zinahitaji mita 3 na sentimita 60. Ubao wa mita moja uliolazwa juu ya ngazi mbili utakupindua kinyumenyume.

Ukiridhika, lipa kiasi tu, tena kwa namba ya biashara ya M-Pesa badala ya simu ya mtu binafsi, na uombe namba ya chumba ulichoonyeshwa iandikwe kwenye ujumbe. Siku mbili kabla ya kufika thibitisha namba hiyo hiyo. Vyumba vya chini visivyotazama bahari mara nyingi ni vya bei nafuu, na hilo linatufaa. Epuka Desemba, Pasaka na likizo ya Agosti, bei hupanda na tiketi za treni huisha mapema. Mei bei ni laini, lakini ni msimu wa mvua ndefu Pwani, na kiti hakisukumiki kwenye matope ya vichochoro. Mimi napenda Septemba.

Sasa treni. Madaraka Express inatoka stesheni ya Syokimau, Nairobi, hadi ya Miritini, Mombasa. Tangu Januari 2024 nauli ya safari nzima ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Watu wawili kwenda na kurudi ni 6,000 au 18,000. Tofauti hiyo ya 12,000 ndiyo inayolipa chumba chetu, kwa hivyo twapanda daraja la kawaida. Daraja la kwanza lina viti viwili kila upande na la kawaida lina vitatu huku na viwili kule. Hiyo njia ya katikati isikudanganye, kiti mwendo chako hakitapita. Utahamia kiti cha treni na chako kikunjwe, kwa hivyo unachohitaji ni kukaa karibu na mlango. Kata tiketi kwa *639#, lipa kwa M-Pesa, kisha stesheni mwombe mhudumu wa behewa akusaidie kubadilishana na abiria aliye karibu na mlango. Ukimwendea kwa adabu kabla watu hawajajaa, husaidia.

Fika mapema kuliko wengine. Mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa wa ulinzi, halafu inapita kwenye mashine, na wewe utakaguliwa kwa mkono pamoja na kiti. Beba kitambulisho. Mlangoni pa behewa ndipo unapohitaji mikono ya watu: waeleze wewe mwenyewe washike wapi. Mimi huwaambia washike fremu, si pa kuwekea mikono, kwa sababu hapo panachomoka.

Chukua treni ya asubuhi. Inasimama stesheni za njiani kama Mtito Andei na Voi, lakini unafika Miritini bado jua lipo, tuktuk zimejaa na bei inazungumzika. Ya alasiri inakufikisha usiku, na usiku mtu wa kiti hana nguvu ya kukataa bei.

Usikae bila kunywa maji ili kukwepa choo cha treni. Najua wengi tunafanya hivyo, na wengi tunalipa kwa maambukizi ya mkojo, ambayo matibabu yake yanazidi nauli. Anayetumia mpira wa mkojo aweke wa akiba kwenye mkoba wa mkononi. Kalia mto wako mwenyewe juu ya kiti cha treni, na kila robo saa au nusu saa jiinue kidogo au egemea upande mmoja, damu ipite. Kidonda cha kukaa huanza bila kuuma kwa sisi tusiohisi vizuri huko chini.

Kutoka Miritini, tuktuk ni bora kuliko matatu: sakafu yake iko chini, unahamia bila kunyanyuliwa. Toa magurudumu ya nyuma ya kiti kama yanachomoka, kunja fremu, iweke miguuni. Patana bei ukitaja kiti tangu mwanzo, "watu wawili na kiti mwendo," ili bei isije ikaongezwa mkishapakia.

Wanaokwenda Diani wasipitie kivuko cha feri cha Likoni bila sababu. Barabara ya Dongo Kundu inatoka upande wa Miritini, inavuka daraja la Mwache na la Mteza na kukutoa Kusini bila kuona feri. Gari la kukodi kwa njia hiyo mkichanga na abiria wengine wawili waliotoka treni moja halina uchungu. Feri yenyewe abiria wa miguu halipi, ila mteremko wake hubadilika na maji. Maji yakijaa unateremka kwa upole, yakikupwa unakuwa mkali na unateleza. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukauka sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Saa hizo sivuki mwenyewe bila watu wawili nyuma yangu, na nashuka nikiwa nimegeuza mgongo. Kukiwa na maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haikupwi sana, tofauti ni ndogo.

Maji hayo hayo yaliyokupwa ndiyo yanayotufungulia ufuo. Mchanga mkavu wa juu unameza magurudumu, lakini ule uliotoka kuachwa na bahari ni mgumu na kiti kinatembea. Nilisukuma mwenyewe ufuoni Nyali kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, asubuhi ya bamvua, na sikutaka mtu anishike. Tafuta tu hoteli au njia ya umma yenye mteremko wa saruji unaofika karibu na mchanga, na uulize majira ya maji kwa wavuvi.

Kwa matembezi ya bure, Mama Ngina Waterfront, iliyofanyiwa ukarabati mwaka 2019, ina njia pana za kusukumia, upepo na viazi karai. Bombolulu ni karakana ya mafundi wenye ulemavu chini ya APDK, shirika la watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, na nikienda hununua zawadi huko.

Vya kubeba: tubu moja ya saizi ya kiti chako, pampu ndogo, spana na bisibisi. Pancha fundi yeyote wa baiskeli ataziba, lakini tubu ya saizi yako huenda asiwe nayo.

Ukipata ndege ya bei nafuu, waarifu saa 48 kabla na uwatajie herufi za msaada unaouhitaji: WCHR ni anayeweza kupanda ngazi, WCHS asiyeweza ngazi lakini anayeweza kutembea kidogo ndani, WCHC anayepelekwa mpaka kwenye kiti chake. Kiti mwendo hakihesabiwi kwenye kilo za mzigo, na wa betri aseme aina ya betri mapema.

Tiketi ya kurudi ikate siku ile ile unayokata ya kwenda. Treni za Jumapili hujaa, na kukosa nafasi ukiwa Mombasa maana yake ni usiku mwingine wa chumba, au basi lenye ngazi ndefu. Mimi hurudi Jumanne au Jumatano, na dereva wa tuktuk aliyenileta huwa nimeshamlipa nusu anirudishe Miritini.