Mwanagenzi Brno bila Kicheki: jinsi ya kuanza maisha, hatua kwa hatua

Umepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo Brno, mji wa pili kwa ukubwa Ucheki. Mkataba umeandikwa kwa Kiingereza, msimamizi anaongea Kiingereza, na barua pepe zote zinakuja kwa Kiingereza. Ukitoka nje ya ofisi mambo yanageuka. Mlango wa duka, fomu ya nyumba, tangazo la kwenye lifti, karani wa posta: kila kitu ni Kicheki.

Naishi hapa, na nimewapokea wenzetu wengi kutoka Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ushauri ninaowapa wote ni huu: anza kwa kusoma, kuongea kutafuata. Matatizo mengi ya wiki za mwanzo yanatokana na maandishi ambayo mtu ameyapita bila kuyaelewa.

Hatua ya 1: Jifunze herufi kabla ya safari

Kicheki kinasomwa kama kinavyoandikwa, na hapo Mswahili ana bahati. Č ni ch yetu, š ni sh, ň inakaribia ny ya nyama. J inasomwa kama y, na c husomwa ts. Wakiandika ch, ni kh ya kheri, sauti ambayo wageni wengi huku inawatoa jasho. Kwa hiyo čaj unaisoma karibu kabisa na chai, na ni chai kweli. Alama juu ya irabu, kama á au í, inakuambia uivute. Mkazo uko kwenye silabi ya kwanza daima. Ř iache kwanza. Watu watakuelewa hata ukiikosea.

Pakua kwenye simu programu ya kutafsiri pamoja na lugha ya Kicheki yenyewe, ili kamera isome maandishi hata pasipo na intaneti. Ongeza IDOS kwa ratiba za mabasi na treni, na Mapy.com (zamani Mapy.cz), ramani ya Wacheki wenyewe inayoonyesha mpaka vijia vya msituni.

Hatua ya 2: Siku tatu za kazi za mwanzo ni za makaratasi

Wengi hufika kwa kupitia Vienna, ambako ni karibu zaidi na Brno kuliko Praha, halafu hupanda basi au treni. Ukishaingia Ucheki, saa imeanza kuhesabu. Raia wa nchi zetu mwenye viza ya muda mrefu anatakiwa kuripoti ndani ya siku 3 za kazi. Kama viza yako imetolewa ili ukachukue kibali cha kukaa, unakwenda ofisi ya uhamiaji ya Wizara ya Mambo ya Ndani kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kama ni viza ya kawaida ya zaidi ya siku 90, unaripoti polisi wa wageni, isipokuwa kama mwenye hosteli au mwenye nyumba amekuandikisha. Usikubali kuambiwa tu "tumeshakuandikisha". Omba uthibitisho.

Shughuli za ofisi hizo zinaendeshwa kwa Kicheki. Mwombe mwajiri akupe mtu wa kukusindikiza, na umwombe mapema, kabla hujapanda ndege. Ikishindikana, kuna Brno Expat Centre, wanaoshauri wageni bure kwa Kiingereza, na kuna kituo cha mkoa wa Moravia Kusini cha kusaidia wageni kuzoea maisha ya huku. Ofisi nyingi za serikali hupokea watu zaidi Jumatatu na Jumatano. Ukienda Ijumaa mchana, uwezekano mkubwa utakuta mlango umefungwa. Beba pasipoti, mkataba wa kazi, bima ya afya na hati ya makazi, vyote na nakala.

Hatua ya 3: Nyumba, na jina lako kwenye sanduku la barua

Matangazo ya nyumba yana alama zake. 1+kk ni chumba kimoja chenye kona ya jiko humohumo; 2+1 ni vyumba viwili na jiko lake peke yake. Uliza bei iliyoandikwa ni nájem tupu (kodi) au imejumlisha poplatky na energie, yaani huduma za jengo, umeme na gesi. Tofauti yake inaweza kukuharibia bajeti ya mwezi mzima. Kauce ni amana, na sheria hairuhusu ivuke kodi ya miezi 3. Mwanagenzi wa miezi michache namshauri atafute kitanda kwenye kolej, bweni la wanafunzi, au chumba kwenye nyumba ya pamoja, inayoitwa spolubydlení. Kupanga nyumba nzima peke yako kwa muda mfupi ni kujitafutia gharama.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia. Kwenye korido ya chini ya jengo kuna safu ya visanduku vya bati, kila kimoja na kijikaratasi chenye majina ya ukoo. Hicho ni schránka. Hakuna namba ya chumba. Mtu wa posta anatafuta jina. Kama jina lako halipo, barua ya bima, ya benki au ya uhamiaji inarudi ilikotoka, na wewe huna habari. Siku unayopewa funguo, andika jina lako kwa herufi kubwa kama lilivyo kwenye pasipoti, libandike kwenye kisanduku na kwenye kengele ya mlango wa nje.

Ukikuta kikaratasi cha posta badala ya barua, ujue kuna barua inakusubiri uende na kitambulisho. Barua ya ofisi ya serikali usipoichukua ndani ya siku 10, sheria huihesabu kuwa umeipokea. Tarehe ya kukata rufaa au kupeleka hati iliyokosekana inaanza kwenda hata kama hujaifungua bahasha. Kwa hiyo fungua kisanduku kila siku ukirudi kazini.

Takataka zina mapipa ya rangi: njano ni plastiki, buluu karatasi, kijani chupa za rangi, jeusi mchanganyiko. Na viatu vinavuliwa mlangoni, kama nyumbani.

Hatua ya 4: Tramu

Kwa Kicheki cha kawaida tramu ni tramvaj, lakini watu wa Brno wanasema šalina. Unaweza kulipa kwa kugusisha kadi ya benki kwenye mashine iliyomo ndani. Ukinunua tiketi ya karatasi, igonge kwenye kimashine mara unapopanda. Isipogongwa huhesabiwa kuwa huna tiketi. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida, huonyesha beji, na hawasikilizi kwamba wewe ni mgeni. Mlango haufunguki wenyewe kila mara, bonyeza kitufe. Usiku mabasi hukutana stesheni kuu, Hlavní nádraží, yanasubiriana, kisha yanaondoka pamoja. Ukifika pale dakika chache kabla, una uhakika wa kufika nyumbani.

Stesheni ya treni soma maneno matatu: odjezd ni kuondoka, nástupiště ni jukwaa, zpoždění ni kuchelewa. Na kwenye milango ya maduka na ofisi, TAM maana yake sukuma, SEM vuta.

Hatua ya 5: Duka na jiko

Pesa ni koruna, si euro, ingawa nchi iko Umoja wa Ulaya tangu 2004. Chakula nunua Lidl, Albert, Billa au Kaufland. Kaunta inakwenda kasi: keshia hakufungashii, kwa hiyo njoo na mfuko.

Unga wa ngano una madaraja. Wa chapati ni hladká mouka. Ukichukua hrubá utapata unga wa chengachenga, mzuri kwa madonge yao ya knedlíky, si kwa chapati. Ugali unawezekana: tafuta kukuřičná mouka, au kukuřičná krupice ambayo ni chenga. Rangi yake ni njano na ladha ina utamu zaidi kidogo kuliko sembe, lakini ukiusonga vizuri unashika. Maharage mekundu ni červené fazole, na mchicha utabadilisha na špenát.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe, maneno haya yakae kichwani kabla ya kufika: vepřové ni nyama ya nguruwe, sádlo mafuta yake, šunka na slanina ni mapaja na mafuta yaliyokaushwa kwa chumvi au moshi. Hovězí ni ng'ombe, kuřecí ni kuku. Supu isiyo na nyama inayoonekana inaweza kuwa na slanina ndani yake, kwa hiyo onyesha neno kwenye simu na uulize. Brno ina msikiti tangu 1998, kwenye barabara ya Vídeňská, na ukienda Ijumaa utapata watu wa kukuelekeza nyama ya halali inauzwa wapi.

Maduka makubwa hufungwa kisheria baadhi ya sikukuu: 1 Januari, Jumatatu ya Pasaka, 8 Mei, 28 Septemba, 28 Oktoba, 25 na 26 Desemba, na 24 Desemba kuanzia saa sita mchana. Maduka madogo, mengi ya Wavietnamu, huwa wazi.

Hatua ya 6: Salamu kwanza

Wacheki wanasemwa kuwa wakimya na wakavu. Mimi nawaona watu wa salamu, ila salamu zao ni fupi na zina mahali pake. Ukiingia duka dogo, lifti, au chumba cha kusubiri daktari, unasema Dobrý den kwa wote waliomo, na wote wanakujibu. Ukitoka unasema Na shledanou. Mtu anayeanza kwa Dobrý den halafu akauliza Mluvíte anglicky? (unaongea Kiingereza?) anasaidiwa, anayeanza moja kwa moja na Kiingereza mara nyingi anatikisiwa kichwa. Ahoj ni ya marafiki na wenzako wa rika. Kumwambia bosi mzee au jirani Ahoj ni kama kumpita mzee bila shikamoo. Subiri yeye akuruhusu.

Ongeza prosím (tafadhali) na děkuji (asante), na Nemluvím česky, yaani siongei Kicheki. Kuhusu miadi: půl osmé, neno kwa neno "nusu ya nane", ni 7:30, yaani saa moja na nusu, si 8:30, saa mbili na nusu. Ukitajiwa saa kwa mdomo, omba iandikwe kwa tarakimu.

Hatua ya 7: Ukiugua

Dharura piga 112; ambulensi moja kwa moja ni 155. Kwa ugonjwa wa kawaida, piga kwanza simu kampuni yako ya bima wakutajie daktari mwenye mkataba nao, la sivyo unaweza kulipa mfukoni. Duka la dawa ni lékárna, lenye msalaba wa kijani. Kwenye chumba cha kusubiri hakuna foleni ya kuonekana: salimia, kaa, na nesi akichungulia mlangoni, simama umwonyeshe kadi ya bima.

Hatua ya 8: Darasa, kisha kuondoka

Kituo cha mkoa nilichokitaja hutoa masomo ya Kicheki bure kwa raia wa nchi zisizo za Umoja wa Ulaya. Jiandikishe hata kama utakaa miezi mitano tu. Humo utakutana na Waukraine, Wahindi na Wavietnamu wenye maswali kama yako, na mwalimu atakusomea barua usiyoielewa.

Mwezi wa mwisho, mjulishe mwenye nyumba kwa maandishi kufuatana na mkataba. Siku ya kurudisha funguo, zungukeni vyumba pamoja, piga picha mita ya umeme na ya gesi namba zikionekana, na msaini předávací protokol, karatasi ya makabidhiano. Andika humo akaunti ambayo kauce itarudishwa, ondoa jina lako kwenye schránka, na waachie ofisini anwani ya barua pepe utakayotumia ukifika nyumbani.