Kutembea masafa marefu: Kilimanjaro, Hispania na Marekani

Aliyezoea Kilimanjaro amezoea wapagazi. Pale huruhusiwi kupanda bila mwongoza watalii mwenye leseni, mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, na bahshishi hutolewa safari ikiisha.

Kwenye njia ya mahujaji ya Santiago, Hispania, shanta unaibeba mwenyewe; isizidi asilimia 10 ya uzito wako. Chukua kijitabu cha hujaji kabla ya kuanza. Ukitaka cheti cha kumaliza hija, tembea angalau kilomita 100 na ugongewe mihuri miwili kila siku kwenye kijitabu hicho. Wengi hukwama hapa: wanagonga mmoja tu, jioni wanapolala. Kwenye hosteli viatu hubaki mlangoni, shanta haiwekwi kitandani, na asubuhi mapema unaondoka.

Njia ya miguu ya Appalachian Trail, Marekani, ni zaidi ya kilomita 3,500, na hakuna wa kukupikia. Nunua chakula cha siku 3 hadi 5 kila unapofika mji. Usiku kining'inize mtini mbali na hema, mita 4 juu ya ardhi na mita 2 kutoka kwenye shina. Kikiwa chini zaidi dubu atakifikia. Choo? Chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji.