Sakafu ya banda la gari: pima unyevu kwanza

Kwa anayetaka kupaka epoksi (rangi ngumu ya sakafu) kwenye banda la gari huku kwetu Unguja: usikimbilie dukani. Kata nailoni kama nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa seloteipu pana pande zote nne, iache mpaka kesho yake. Ukiibandua ukakuta matone kwa ndani, au saruji imekoza rangi, basi ardhi inapandisha maji. Epoksi itavimba na kubanduka mabamba mabamba, hata iwe ya bei gani. Zege jipya nalo lisubiri angalau siku 28.

Sakafu ikiwa kavu, ikwaruzwe kwanza. Saruji iliyopigwa niru ikawa laini kama kioo haishiki rangi, na tairi zilizotoka juani ndizo huing'oa. Doa la oili litolewe lote.

Ikiwa na unyevu, mimi ningeweka vigae vya posilini vyenye uso wa kukwaruza, gundi ienee chini nzima. Penye uwazi, jeki itakipasua kigae. Vile vya kung'aa viacheni sebuleni, vikilowa ni kuteleza tu. Zulia la plastiki? Chini yake maji hutuama, na mende nao.