Kabla Hujaing'oa Dashibodi ya Benzi ya Zamani

Ukikaa ndani ya Benzi ya toleo la W123 iliyoishi pwani, huna haja ya kuuliza imekula jua kiasi gani. Tazama juu ya dashibodi, pale yalipo matundu ya hewa ya katikati. Ufa huanzia kwenye kona ya tundu ukakimbilia kioo cha mbele, halafu mwingine hujitokeza karibu na wavu wa spika. Ingiza ukucha: reksini imekuwa ngumu kama ganda la embe lililokauka, na chini yake sponji inatoka unga wa rangi ya ugoro.

Kama tayari umeshika bisibisi, iweke chini kwanza. Kuing'oa dashibodi ya gari hili ni kazi ya siku moja kwa anayelijua, siku mbili kwa asiyelijua. Kinachogeuza siku mbili kuwa miezi minne ni mambo yaliyotakiwa kuamuliwa gari likiwa bado linatembea: utarudishia nini, nani atakibandika, kwa gundi gani, na nyuma ya hiyo dashibodi kumejificha nini. Nimeona gari la namna hii likikaa gereji tangu kabla ya Ramadhani hadi Idi Kubwa ikapita, waya zimening'inia nje, mwenyewe anasubiri kipande ambacho kilipofika kikawa si chake.

Cha kwanza ni kujua kwa nini imepasuka. Reksini ya dashibodi ni plastiki ya PVC, na PVC yenyewe ni ngumu kama bomba la maji. Kinachoifanya iwe laini ni kilainishi kilichochanganywa nayo kiwandani. Joto hukitoa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Ule ukungu wa mafutamafuta unaoufuta upande wa ndani wa kioo cha mbele, ukarudi tena baada ya wiki chache, kwa sehemu kubwa ni kilainishi hicho kinahama. Gari lililofungwa vioo juani mchana, juu ya dashibodi joto hupita nyuzi 70 za Selsiasi bila taabu. Reksini inakauka na kusinyaa, chuma kilicho chini yake hakisinyai, na kati yao lazima kitu kiachie. Huachia pale penye kona kali, ndiyo maana ufa hupenda matundu. Kwa hiyo anayekushauri uzibe ufa kwa pati na kupaka rangi juu anakuuzia miezi michache tu. Mvutano ungalipo palepale. Reksini itapasuka pembeni ya kiraka.

Gari lenyewe si adimu. W123 ilizinduliwa 1976 ikatengenezwa hadi mwanzoni mwa 1986, karibu magari milioni 2.7. Huku kwetu neno Wabenzi, yaani wakubwa wa kutembelea Benzi, lilikuwa limeshazaliwa kabla yake, nayo ikalirithi tu. Lakini wingi huo unadanganya. Vipande vingi utakavyoviona vikiuzwa, vipya na vilivyotumika, vinatoka Ujerumani na Marekani, na huko usukani uko kushoto. Dashibodi ya usukani wa kushoto haiingii kwenye gari letu hata ukiilazimisha kwa nyundo. Tundu la geji liko upande mwingine. Tafuta Uingereza, Australia, au Afrika Kusini, ambako magari haya yaliunganishwa mjini East London. Kabla ya kutuma hela, mwombe muuzaji picha tatu: moja ikionyesha dashibodi nzima kwa juu, moja ya kona za matundu kwa karibu sana, na moja kidole kikiwa kinabonyeza reksini. Kidole kikizama kidogo, sponji bado ina uhai. Na uulize gari lililochinjwa lilikuwa linaegeshwa wapi. Dashibodi iliyozeeka kwenye mawingu ya Uingereza ina afya kuliko iliyozeeka kwenye jua la Australia, hata kama ile ya Australia imeng'arishwa vizuri zaidi kwa ajili ya picha.

Usipopata, zimebaki njia mbili. Ipo ya kifuniko kigumu cha plastiki kinachobandikwa juu ya dashibodi yenyewe bila kuing'oa. Ni rahisi, nacho pia lazima kiwe cha usukani wa kulia. Sikitukani, kwa gari la kupeleka watoto shule kinatosha. Ila ukishakibandika umefunga mlango, kwa sababu siku ya kukibandua kitatoka na reksini ya asili. Tena ukigonga kwa kifundo cha kidole utasikia mlio wa sahani. Anayetaka kulipeleka gari lake Nairobi kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya urembo wa magari, mbele ya majaji wanaochungulia hadi ndani, asijaribu. Njia ya pili ni kuivua dashibodi, kuitengenezea sponji upya pale ilipokufa, na kuivalisha reksini mpya. Ndiyo ninayoipenda, na ndiyo yenye mitego mingi.

Mtego mmoja hauonekani kwa macho. Ulaini wa dashibodi haukuwekwa kwa urembo. Uliwekwa kwa sababu ya vichwa vya watu. Marekani iliufanya sharti kwenye magari mapya tangu 1968. Mafundi wengine, wakiona sponji imekufa, hujaza shimo kwa fiba au pati ya bodi, wakapiga msasa, wakavalisha reksini juu. Inapendeza kweli, lakini umebaki na jiwe lililovikwa nguo mbele ya uso wa abiria. Mkubaliane mapema na fundi kwamba kitakachojaza ni sponji ngumu ya kubonyea, si kitu cha kukauka kikawa kama chungu.

Kuhusu huyo fundi: anayeshona viti vizuri si lazima ajue dashibodi. Kiti kina mishono ya kusaidia. Dashibodi ya W123 haikuwa na mshono, reksini yake ilifinyangwa kwa joto ikafuata kila bonde. Mabondeni ndiko kwenye shida. Palipobinuka nje, reksini inajivuta yenyewe na kukaa. Palipoingia ndani, kama chini ya kofia ya geji, inataka kunyooka, na baada ya mwezi mmoja wa jua inaachia gundi na kusimama kama hema. Kwa hiyo usimwombe akuonyeshe kazi aliyoimaliza jana. Ya jana hupendeza kila mara. Mwambie akupeleke kwenye gari alilolifanya miaka miwili iliyopita na linalolala nje. Asipokuwa nalo, endelea kutafuta.

Reksini ichague inayovutika pande zote mbili, yenye kitambaa laini mgongoni. Ngozi halisi iache. Inavutia ukiinunua, halafu juani inasinyaa na kuvuta kingo zake zote. Rangi nayo si suala la kupenda tu: dashibodi ya rangi ya maziwa hujiangaza kwenye kioo cha mbele saa saba mchana, ukawa unaendesha ukitazama dashibodi yako mwenyewe barabarani. Nyeusi au kahawia nzito isiyong'aa ndiyo ya kuendeshea.

Gundi ya kawaida ya viatu hulainika katika joto lilelile ambalo dashibodi huishi nalo kila siku. Inahitajika ya kuhimili joto, na maneno ya kwenye kopo hayatoshi. Bandika kipande cha reksini kwenye bati lililokunjwa kidogo kuingia ndani, kiweke juu ya dashibodi ya gari lingine lililofungwa vioo, ukiache wiki nzima. Kikiinuka pembeni, umejua kwa bei ya kipande. Jambo jingine ni yale mafuta ya kung'arishia dashibodi ambayo kila muosha magari anayo. Mengi yana silikoni, na silikoni ni adui wa gundi. Kama gari lako limepakwa kwa miaka, fundi ataosha na kusugua mara mbili tatu kabla ya kubandika, na wewe acha kulipaka tangu leo. Msimu pia uuangalie: siku za masika, hewa ikiwa imejaa maji, gundi ya kupulizia inapokauka hupoa na kujitia unyevu juu yake, isishike vizuri. Subiri siku kavu.

Sasa nyuma ya dashibodi, ambako mimi mwenyewe niliumbuka. Geji za W123 hazifungwi kwa skrubu mbele. Boksi zima limebanwa kwenye tundu lake, linavutwa kwa vikulabu viwili vya waya au kusukumwa kwa mkono kutoka nyuma. Nilisoma hivyo, nikavuta. Likaja sentimita chache, likagoma. Nikadhani ni uzee wa mpira, nikaongeza nguvu. Nilichokuwa nikivuta kilikuwa kijibomba chembamba cha oili, maana geji ya presha ya oili ya gari hili si ya umeme: oili yenyewe inapanda kutoka kwenye injini hadi nyuma ya mshale. Kilikatika kwenye shingo. Oili nyeusi ikateremka juu ya zulia, na harufu yake ilikaa hadi mwaka uliofuata. Kwa hiyo kabla ya kuvuta, legeza kebo ya spidomita ili ipate urefu, ingiza mkono ukipapase kijibomba, weka kitambaa chini, ukifungue kwa spana huku umekishika. Uwe na kingine cha akiba kabisa, kwani plastiki ya miaka arobaini huvunjika hata kwa mkono wa upole.

Kama yako ni ya dizeli, kuna vijibomba vya mpira vya vakyumu, yaani vya kunyonya hewa, karibu na swichi ya ufunguo ambavyo ndivyo vinavyozima injini. Kimoja kikichomoka au kikirudishwa mahali pa mwenzake, utatoa ufunguo, uutie mfukoni, na injini itaendelea kunguruma kama haikukuona. Isikutie hofu, chini ya boneti kuna mkono ulioandikwa STOP, ukibonyeza inazima. Lakini ni afadhali kuvifunga utepe wa karatasi na kuviandika namba kabla ya kuvigusa. Fanya hivyo kwa kila waya pia, na piga picha kila hatua, mbili kwa karibu na moja kwa mbali ili baadaye ujue ile ya karibu ilikuwa wapi. Betri uitoe terminali ya hasi kabla ya yote.

Skrubu hazilingani urefu, na ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa kitu. Mimi hutumia trei ya mayai: kila shimo ni sehemu moja ya gari, kwa mpangilio wa kufungua, kuanzia kona ya kushoto. Wakati wa kufunga narudi kinyume. Vaa barakoa unapoinua sponji ya zamani, kwani ule unga hupaa.

Dashibodi ikiwa nje, utaona vitu ambavyo hutaviona tena kwa miaka. Badilisha taa zote za geji, hata zinazowaka. Sikiliza feni ya hewa kama inalia. Kama gari lina kiyoyozi, mwombe fundi wa AC akague kipozeo chake sasa, maana kikivuja mwakani utarudi kuing'oa dashibodi mpya. Na tazama kwa tochi kona za chini za kioo cha mbele. Maji yakishapita kwenye mpira wa kioo, kutu huanzia hapo, nayo ikila bodi upande wa ndani dashibodi inaficha mpaka siku kidole kipite.

Inaporudi kutoka kwa fundi, ijaribishe kwanza bila gundi ya mwisho wala skrubu zote. Reksini mpya na sponji mpya huongeza unene. Milimita mbili tu kwenye tundu la geji zinatosha boksi likatae kuingia, na hapo lazima fundi apunguze pale, si wewe ukandamize kwa goti. Likikaa, unganisha betri, washa injini, tazama mshale wa oili unapanda, jaribu taa, honi, waipa na feni katika kila namba. Kisha zungusha ufunguo kuzima. Injini ikinyamaza, chukua trei ya mayai uanze kufunga kuanzia shimo la mwisho.