Kukesha Osaka: mwongozo wa usiku wa Minami kwa mgeni

Usiku wa Osaka unaendeshwa na treni. Muziki na bei ya bia vinafuata nyuma. Karibu na saa 6 usiku treni za chini ya ardhi zinalala, na haziamki mpaka karibu saa 11 alfajiri. Kwa hiyo kabla hujatoka hotelini jibu swali moja: leo unarudi, au unakesha? Ukishalijibu, mengine yote yanajipanga: unaanza saa ngapi, unavaa nini, unabeba kiasi gani. Wasiolijibu ndio unaowakuta saa 6 na nusu wamesimama barabarani, simu ina asilimia nne, wanabishana kama teksi mpaka Kobe ni bei gani. Ni bei mbaya.

Naishi upande huu wa Japani. Wageni wa kutoka nyumbani wakija, wawe wanafunzi wa ABE (ufadhili wa Japani kwa vijana wa Afrika) walioko Kobe au wanunuzi wa magari yaliyotumika waliomaliza shughuli zao za bandarini, mara nyingi mimi ndiye napewa kazi ya kuwatembeza. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia.

Hatua ya 1: Chagua upande, kisha usihame

Osaka ina pande mbili za starehe. Kaskazini ni Kita, yaani Umeda na jirani zake: maofisi, suti, na mtaa wa Kitashinchi ambako watu wanakunywa kwa kadi ya kampuni. Kusini ni Minami: Namba, Dotonbori, Shinsaibashi na Amerikamura. Mgeni wa mara ya kwanza aende Minami. Kila kitu kiko karibu, na kutoka Namba mpaka Shinsaibashi unatembea kwa miguu bila kuhangaika.

Kama bado hujalipia hoteli, tafuta ya Namba au Shinsaibashi hata kama ni ghali kidogo. Tofauti ya bei utairudisha usiku mmoja tu wa kutopanda teksi, kwa sababu kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 11 alfajiri teksi zinaongeza asilimia 20. Mlango wa nyuma wa teksi hufunguliwa na dereva mwenyewe kwa mtambo, usiuvute.

Hatua ya 2: Panga mfuko

Pasipoti halisi. Picha ya pasipoti kwenye simu haitoshi: sheria inamtaka mgeni wa muda mfupi atembee nayo, na mkazi atembee na kadi yake ya ukaazi. Tena baunsa wa klabu anataka kuona umri wako. Mwaka 2022 Japani ilishusha umri wa utu uzima kuwa miaka 18, lakini pombe na sigara vilibaki 20. Mwenye miaka 19 asipange foleni.

Beba yen taslimu, maana baa ndogo nyingi hazipokei kadi. Ukiishiwa, mashine za pesa za 7-Eleven zinakubali kadi nyingi za kigeni usiku kucha. Weka sarafu za yen 100 za kabati la mizigo, kadi ya treni kama ICOCA, na betri ya akiba ya simu.

Viatu viwe vya kufunika mguu, kwa sababu mwanaume mwenye kandambili anaweza kurudishwa mlangoni. Soksi ziwe nzima. Kuna mikahawa ya pombe unayovua viatu kuingia, na dole gumba linalochungulia litaonwa na meza nzima.

Hatua ya 3: Anza mapema, na anza umesimama

Watu wa hapa hawaanzii klabu. Wanaanza saa 12 jioni kwenye izakaya, yaani mkahawa wa pombe na vitafunwa, au kwenye tachinomi, baa za kunywa wima ambazo zimejaa katika vichochoro vya Ura-Namba, nyuma ya maduka makubwa ya Namba. Mimi napenda hizi za wima kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu mwanadamu akisimama bega kwa bega na mwenzake lazima wataongea. Watu wa Osaka wana sifa nchi nzima ya kupenda mzaha. Atakuuliza umetoka wapi kabla hujaagiza.

Ukikaa mezani utaletewa kibakuli kidogo cha chakula ambacho hukukiomba. Hapa wanakiita tsukidashi, na kwenye bili kitaonekana kama yen 300 mpaka 500 kwa kila mtu. Hujaibiwa, ndiyo ada ya kiti. Wageni wengi wanagombana kwa jambo hili na kujiharibia usiku bure.

Kuna pia nomihodai: unalipa kiasi kimoja, unakunywa utakavyo kwa dakika 90 au 120. Uliza oda ya mwisho ni saa ngapi, maana hufungwa kabla muda haujaisha, na kwa kawaida unamaliza glasi moja ndipo unapewa nyingine. Asiyekunywa pombe asione haya. Aombe uron-cha, chai ya oolong ya baridi. Inakuja kwenye glasi ileile, imejaa barafu ileile, na hakuna atakayemuuliza kitu.

Kuhusu chakula, mwenzangu usiyekula nguruwe, kaa macho. Okonomiyaki, ile chapati nene ya unga na kabichi, kwa kawaida inawekwa nyama ya nguruwe juu, kwa hiyo sema "buta nashi de", yaani bila nguruwe. Rameni (tambi za mchuzi) za usiku wa manane nyingi mchuzi wake ni wa mifupa ya nguruwe, na hapo hakuna cha kuondoa. Takoyaki, vile vidonge vya unga vyenye pweza ndani, vina unafuu, ila uliza kuhusu mafuta na mchuzi. Pweza wengi wanaoliwa Japani huagizwa kutoka Mauritania na Moroko, kwa hiyo huenda unachotafuna Dotonbori ni Mwafrika mwenzako.

Bakshishi hazipo. Ukiacha chenji mezani, mhudumu atakukimbiza barabarani kukurudishia.

Hatua ya 4: Wapite wapiga debe

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo pesa za wageni zinapoishia.

Daraja la Ebisubashi, pale chini ya yule mkimbiaji wa bango la Glico, kampuni ya peremende, anayewaka taa (bango la sasa ni la sita, liliwashwa mwaka 2014), na mitaa inayolizunguka, ina vijana wenye menyu mkononi. Ni wapiga debe, sawasawa na wa stendi ya daladala, isipokuwa hawa basi lao huwezi kushuka. Anakuambia nomihodai yen 3,000, wasichana wazuri, njoo. Unapandishwa lifti mpaka ghorofa ya tano. Bili inakuja na ada ya kiti, ada ya huduma, ada ya barafu, na vinywaji vya msichana aliyekaa pembeni yako bila kuitwa. Elfu tatu inakuwa makumi ya maelfu. Kuvuta wateja barabarani kwa njia hii kumekatazwa, na utasikia vipaza sauti vya mtaani vikionya. Wapo palepale chini ya kipaza sauti.

Kanuni yangu ni fupi: baa iliyokutafuta usiingie, ingia uliyoitafuta wewe. Usisimame, usijibu hata "hapana". Tikisa mkono, endelea kutembea.

Na jambo hili tuambiane kwa Kiswahili: Amerikamura, na hata Kabukicho na Roppongi kule Tokyo, anayekuita "braza!" anaweza kuwa Mwafrika, na moyo wako utalegea kwa sababu hujaona sura ya nyumbani wiki nzima. Msalimie, ni haki yake. Lakini undugu wa ngozi haupunguzi bili.

Ukiwa na shaka na baa yoyote, uliza kabla ya kukaa: "Zenbu de ikura desu ka?" Jumla ni kiasi gani. Wakikwepa, toka. Ukishanaswa, usitoe kadi ya benki, na glasi yako usiiache peke yake hata ukienda chooni. Sema twendeni koban, kituo kidogo cha polisi cha mtaa. Mara nyingi neno hilo tu linashusha bei.

Hatua ya 5: Klabu yenyewe

Tafuta tukio kwanza, jengo baadaye. Klabu ileile Ijumaa ni hip-hop na Jumamosi ni tekno, kwa hiyo fungua ukurasa wao wa Instagram uone usiku huo nani anapiga. Circus, upande wa Amerikamura, ni ya wanaofuata tekno na hausi kwa masikio. Giraffe, pale Dotonbori, ni ghorofa, mwanga, nyimbo za chati na watalii wengi. Usiku wa amapiano na Afrobeats hupatikana, lakini hufanyika zaidi kwenye kumbi ndogo, na mabango yake utayaona Amerikamura.

Mlangoni mambo huenda hivi: pasipoti, begi linakaguliwa, unalipa, unapewa tiketi ya kinywaji kimoja, unagongwa muhuri mkononi, unaweka koti kwenye kabati. Wanawake kwa kawaida hulipa kidogo au hawalipi. Wanaume wageni watano wakija kwa mkupuo wanaweza kukataliwa, kwa hiyo njooni wawili wawili, na mapema. Zipo pia baa zinazokataa wageni waziwazi. Inauma, na si haki. Lakini saa 7 usiku mlangoni si mahali utakaposhinda hoja hiyo, na klabu ya jirani inakungoja.

Kwa nini mabaunsa wa Osaka wanakufukuza ukisimama kupiga soga nje? Kuna historia. Sheria ya mwaka 1948 ya biashara za starehe iliweka dansi chini ya leseni ya polisi, na mwenye leseni hakuruhusiwa kufungua usiku kucha. Kwa miongo mingi polisi walifumba macho. Kisha mwaka 2010 msako ulianza Amerikamura baada ya kijana mmoja mwanafunzi kufariki, na klabu zikafungwa moja baada ya nyingine. Kuna kumbi zilizobandika vibao vya kukataza wateja kucheza. Aprili 2012 polisi waliivamia NOON, klabu iliyokuwa chini ya reli upande wa Umeda, na mwenye klabu akashtakiwa kwa kuwachezesha watu bila leseni. Alishinda mwaka 2014 katika mahakama ya wilaya ya Osaka, akashinda rufaa, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ikamaliza kesi hiyo kwa upande wake. Bunge lilikuwa limeshabadilisha sheria Juni 2015, ikaanza kutumika Juni 2016: klabu inaweza kukesha ikiwa ina kibali, iko eneo lililoruhusiwa, na mwanga wake ndani unazidi lakisi 10.

Kwa hiyo ukiona ukumbi una mwanga kuliko ulivyozoea, ni sheria. Na kelele nje zikiamsha majirani, kibali ndicho kinachohatarishwa. Ukitoka, toka na uondoke.

Ukumbi unajaa baada ya saa 7. Watu wengi wanacheza wakimtazama dijei, si wenzao, na kumsogelea mtu asiyekutaka kutakutoa nje haraka. Usipige video za sura za watu.

Sigara: tangu Januari 27, 2025, kuvuta barabarani kumepigwa marufuku jiji zima, faini yen 1,000. Dawa za kulevya: usiguse, usibebe, usimshikie mtu. Tangu Desemba 2024 hata kutumia bangi, mbali na kuwa nayo, ni jinai, na polisi wanaweza kukukalisha ndani mpaka siku 23 kabla ya kufunguliwa mashtaka. Ndege yako itaondoka bila wewe.

Hatua ya 6: Vuka saa 8 mpaka saa 11

Ukichoka kabla ya treni, usilale kwenye ngazi za kituo. Karaoke ndiyo suluhisho la watu wa hapa: chumba chenu wenyewe, kochi, vinywaji, na bei ya mpaka asubuhi. Tena uko nyumbani kwake, maana mashine ya karaoke ya Inoue Daisuke ilianzia Kobe, jirani hapo, mwaka 1971. Wenye usingizi kweli waende hoteli ya vidonge, yaani ya vijumba vidogo vya kulala mtu mmoja mmoja. Ya kwanza duniani ilifunguliwa Umeda mwaka 1979, kazi ya msanifu Kurokawa Kisho. Angalia kama inapokea jinsia yako, na kama una tatuu mwilini uliza kama utaruhusiwa kuingia bafuni.

Hatua ya 7: Treni ya kwanza

Mstari mwekundu, Midosuji, unakupeleka kaskazini Umeda na Shin-Osaka. Wa Kobe wapande Hanshin pale Osaka-Namba, zipo zinazofika Sannomiya bila kubadilisha. Weka kengele ya simu kabla ya kukaa, usimtegemee rafiki, naye analala. Wanaume, siku za kazi Midosuji ina behewa la wanawake tu, limeandikwa sakafuni na mlangoni, soma kabla ya kuzama ndani.

Polisi ni 110, gari la wagonjwa 119. Ukisahau mkoba kwenye treni, mwambie mfanyakazi wa kituo mstari, saa na behewa, mara nyingi unapatikana. Ukiusahau klabu, subiri jioni ndipo upige, maana asubuhi hakuna wa kupokea simu.