Unajenga Mtwara au Lindi ukiwa ughaibuni: namna ya kuwakinga mafundi wako na ajali

Watu wengi wa kusini wanaoishi Uingereza, Omani, Marekani na kwingineko hujenga nyumbani kwa simu. Fedha hutumwa kwa mjomba au shemeji, yeye hutafuta fundi, fundi huja na vibarua wake, na picha za kazi huingia kwenye kundi la WhatsApp kila jioni. Katika mpangilio huo kila mtu anajua nani ananunua saruji na nani anatunza risiti, lakini ni nadra kumkuta mtu aliyepewa jukumu la kuhakikisha kwamba vijana waliopanda juu asubuhi wanashuka jioni wakiwa wazima. Mwongozo huu unamhusu mwenye fedha, kwa sababu yeye ndiye anayeamua bajeti, kasi ya kazi na mara nyingi hata tarehe ya kuezeka, na ajali nyingi huanzia kwenye maamuzi hayo.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Kijana akianguka kutoka jukwaani, jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba aliteleza, na wengi huishia hapo. Endelea kuuliza. Utaambiwa mrunda uliokatika, yaani mti wa jukwaa, ulikwishatumika kwenye nyumba nyingine na ulikuwa umeliwa na mchwa. Kwamba mirunda mipya haikununuliwa kwa kuwa haikuwekewa fungu. Kwamba siku ile manyunyu yalikuwa yakianguka lakini kazi haikusimama, kwa sababu mwenye nyumba anakuja Desemba na alisema anataka akute bati limelala. Kila jibu kati ya hayo linakuonyesha mahali ambapo ajali ingeweza kuzuiwa mapema, na mengi yako mikononi mwako wewe uliye mbali. Kuteleza ndilo tukio la mwisho, na ndilo gumu kuliko yote kulizuia, kwa kuwa hakuna binadamu asiyeteleza.

Hatari ambayo ningependa uipe uzito wa kwanza ni shimo. Katika uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala na Tandahimba, maji ya juu ya ardhi ni haba na familia nyingi huvuna mvua na kuihifadhi kwenye matangi yaliyochimbwa ardhini, kwa hiyo nyumba mara nyingi huendana na shimo kubwa, zaidi ya lile la choo. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na zaidi, na mtu aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kushindwa kupumua hata kama kichwa chake kiko nje. Chukulia kwamba leo umetumiwa picha ya shimo hilo. Usiangalie kina peke yake ili ujue fedha yako imefika wapi. Tazama kama udongo uliochimbwa umerundikwa ukingoni kabisa, kwa maana uzito huo ndio unaousukuma ukuta uporomoke. Usogezwe angalau mita moja nyuma. Tazama kama kuta zimesimama wima. Shimo likipita kina cha mita moja na nusu, kingo zichongwe ziwe na mteremko au zizuiwe kwa mbao na nguzo, hata kama udongo unaonekana mgumu. Tazama kama kuna ngazi iliyoachwa ndani na kama kuna mtu juu anayemwangalia aliye chini. Mvua ikinyesha, asishuke mtu mpaka kingo zikaguliwe upya.

Shimo la zamani, karo au tangi lililofunikwa kwa muda mrefu lina hatari nyingine isiyoonekana, nayo ni hewa. Oksijeni inaweza kuwa imepungua, au gesi yenye sumu imejaa, na mtu huzimia kabla hajatambua kilichompata. Pampu ya petroli ikishushwa ndani ya shimo ili kutoa maji, moshi wake una monoksidi ya kaboni ambayo huua kimyakimya. Pampu ibaki juu, mbali na mdomo wa shimo. Wapo wanaoshusha taa ya chemli au mshumaa ili kupima hewa. Kipimo hicho hakitoshi, kwa kuwa moto hautambui monoksidi ya kaboni na unaweza kulipua gesi ya choo. Jambo linalohuzunisha zaidi katika ajali za aina hii ni kwamba mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeruka kumwokoa wa kwanza. Mwambie msimamizi wako kwa maneno yasiyo na utata: mtu akizimia shimoni, asishuke mwingine, avutwe kwa kamba aliyofungwa kabla hajashuka, na kama hakufungwa, waitwe Zimamoto huku hewa safi ikipulizwa ndani.

Baada ya shimo ni paa. Kazi kubwa ya kupima, kukata na kuunganisha kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba bati, inaweza kufanyika chini, na kila saa inayopunguzwa huko juu ni hatari iliyoondolewa kabisa, jambo lililo bora kuliko kumnunulia mtu kofia ngumu kisha ukamwacha juu ya mrunda mbovu. Ngazi isimame kwa uwiano wa hatua moja nje kwa kila hatua nne kwenda juu, ifungwe, na ncha yake ipite ukingo kwa takriban mita moja. Upepo wa kusi ukivuma, bati refu hugeuka tanga mikononi mwa fundi. Siku ya namna hiyo kazi iahirishwe. Kama waya za umeme zinapita karibu na kiwanja, TANESCO wajulishwe kabla ya nondo ndefu na mabati kuinuliwa.

Zege nalo lina madhara yake: saruji mbichi huunguza ngozi polepole, kwa hiyo viatu vya mpira, glavu na maji safi ya kunawa viwepo. Na ikiwa unamiliki mikorosho, yaliyosemwa hapa yanawahusu pia wanaokupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho: wavae miwani, barakoa na mikono mirefu, wasisimame upande ambao vumbi linaelekea.

Ndala ninazoziona kwenye picha za saiti zinaniuma, maana wengi wetu huku tuliko hatukubali kuingia ghalani bila viatu vya usalama. Unapompa fundi kazi kwa malipo ya jumla, kila anachotumia kwa usalama kinatoka kwenye faida yake, naye atabana. Kwa hiyo mirunda, mbao za jukwaa, kamba, buti na glavu viingie kwenye orodha ya vifaa unavyonunua wewe, pamoja na saruji na nondo. Usitoe zawadi kwa anayemaliza mapema.

Kumwelekeza mkubwa si jambo jepesi, hasa mjomba aliyekulea. Ujumbe wa heshima unatosha: "Shikamoo mjomba. Nimeona picha ya shimo, ahsante sana. Naomba kesho vijana wasogeze udongo kwanza kabla ya kuchimba, siku hiyo nitailipa mimi." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa inaondoa hofu ya kupoteza siku.

Kisheria, Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri huuchangia asilimia 0.5 ya mishahara. Ukimtumia mkandarasi, dai kuona usajili wake wa Bodi ya Makandarasi na wa WCF kabla ya kusaini. Fundi wa mtaani mara nyingi hana usajili huo, hivyo mkataba wenu uandikwe wazi nani atalipia matibabu, na fungu la dharura liwe tayari kwenye simu ya msimamizi.

Msimamizi huyo awe na namba ya dereva, na ajue mapema kama hospitali ya karibu ni Ligula mjini Mtwara, Sokoine mjini Lindi, au Ndanda. Aliyeanguka kutoka juu asinyanyuliwe kiholela, kwani uti wa mgongo unaweza kuwa umeumia. Aliyenaswa na umeme asiguswe kabla umeme haujakatwa.

Mwisho, omba uambiwe pia yaliyokosakosa: tofali lililodondoka bila kumpata mtu, ngazi iliyoteleza ikadakwa. Mshukuru anayekueleza, usimkate malipo, kisha tuma fedha ya kurekebisha kilichosababisha kabla kazi haijaendelea.